Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: kabla ya kuidhinisha mitungi ya vimeng'enya

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,
Ofisi ya Makamu wa Rais,
Dodoma.

YAH: VIMENG'ENYA VILIVYOFUNGWA KWENYE PUNJE KWA AJILI YA MAJI TAKA YA RANGI ZA NGUO

Mheshimiwa Waziri,

Mto Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu, unapita maeneo ya viwanda na mabonde ambako watu wanamwagilia mchicha, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Maji ya kutia rangi nguo ni mojawapo ya taka zinazosumbua mito ya namna hii. Pamba inapotiwa rangi zinazoshikana na uzi kikemia, asilimia 10 hadi 40 ya rangi hiyo haishiki, inatoka na maji. Mapendekezo ya kuyasafisha maji hayo kwa mitungi iliyojaa punje zenye vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, yakifika mezani kwako, tunaomba upime jambo moja kabla ya mengine yote: rangi imevunjwa, au imehama tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye punje?

Kimeng'enya kinachotajwa zaidi kwa kazi hii ni lakesi, kinachozalishwa na kuvu wanaoozesha miti. Kina atomu nne za shaba. Kinanyang'anya elektroni kwenye molekuli ya rangi au fenoli na kuzipeleka kwa oksijeni, nayo oksijeni inakuwa maji. Ndiyo maana hakihitaji kuongezewa haidrojeni peroksaidi, tofauti na kimeng'enya kingine, peroksidesi, ambayo peroksaidi ikizidi kidogo inakufa. Lakesi ikimwagwa wazi inakwenda na maji, na ni ghali, kwa hiyo inafungwa kwenye kitu kigumu ili ibaki ndani ya mtungi. Wazo hili si geni. Mwaka 1916 ilishaonekana kwamba kimeng'enya kilichonaswa kwenye mkaa kinaendelea kufanya kazi, na mwaka 1969 Wajapani walianza kulitumia kiwandani kutengeneza amino asidi. Lakini huko viwandani malighafi ni safi na inajulikana. Maji taka hayako hivyo.

Njia mbili za kufunga ndizo zinazopendekezwa mara nyingi. Ya kwanza ni alginati, ute wa mwani wa kahawia: gramu 30 kwa lita moja ya maji, kimeng'enya kinachanganywa humo, kisha mchanganyiko unadondoshwa kwa sindano ndani ya kalsiamu kloridi ya gramu 29 hivi kwa lita. Kila tone linaganda kuwa punje ya milimita 2 au 3, na punje zinaachwa humo saa moja au mbili zikomae. Ya pili ni kaitosani ya magamba ya kamba: gramu 20 zinayeyushwa kwenye lita moja yenye mililita 20 za asidi ya asetiki, zinadondoshwa kwenye kostiki ya gramu 40 kwa lita, punje zinaoshwa mpaka kostiki iishe, zinalowekwa kwenye glutaraldehaidi ya asilimia 1, kemikali ya kukishikiza kimeng'enya kwenye punje, kwa saa mbili, zinaoshwa tena, ndipo zinaingizwa kwenye maji ya kimeng'enya usiku kucha mahali pa baridi. Mpangilio huu haubadilishwi. Kimeng'enya kikitangulia, kostiki inakiua. Glutaraldehaidi nayo inaunguza ngozi na mapafu, kwa hiyo glavu na hewa ya kutosha ni sharti.

Mtego uko hapa. Kaitosani kwenye maji ya asidi ina chaji chanya, na rangi nyingi za pamba zina chaji hasi. Rangi itagandamana na punje hata kama hamna kimeng'enya chochote ndani yake. Alginati hufanya hivyo hivyo kwa rangi zenye chaji chanya. Mbele ya wageni rasmi maji mekundu yataingia juu na kutoka meupe chini, watu watapiga makofi, na lakesi inaweza kuwa haijagusa kitu. Punje zikishiba, maji mekundu yanarudi.

Dawa yake ni rahisi, nayo haigharimu kitu kikubwa. Mtungi wa pili usimame pembeni, wenye punje zilezile lakini kimeng'enya chake kimechemshwa kikafa kabla ya kufungwa. Maji yaleyale yapite mitungi yote miwili kwa kasi ileile. Tofauti kati ya mitungi hiyo ndiyo kazi ya kimeng'enya. Kwa punje za alginati kuna kipimo kingine: zilizotumika ziyeyushwe kwenye sodiamu sitreti, rangi iliyomo ipimwe, ijumlishwe na iliyobaki kwenye maji. Jumla ikikaribiana na rangi iliyoingia, hakuna kilichovunjwa.

Majaribio mengi pia hufanywa kwa rangi moja safi iliyokorogwa kwenye maji ya maabara, pH 5 (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali), nyuzijoto 25. Maji halisi ya birika la kutia rangi yana chumvi ya gramu 40 hadi 100 kwa lita, magadi yanayopandisha pH hadi 10 au 11, na joto la nyuzi 60 au zaidi. Sodiamu ya chumvi inachukua nafasi ya kalsiamu ndani ya alginati, punje zinavimba, zinalainika kama uji na kuziba bomba. Fosfeti ya sabuni inafanya vilevile kwa kuivuta kalsiamu. Kloridi inakaa kwenye shaba ya lakesi na kuizuia. pH ya 10 inaisimamisha karibu kabisa. Nyuzi za pamba zinaziba juu ya mtungi, maji yanatafuta njia ya pembeni, na nusu ya punje haiguswi.

Kuna na oksijeni, ambayo wengi huisahau. Maji ya nyuzijoto 30 yanabeba miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita, basi. Kwenye mtungi mrefu uliofungwa inaisha njiani, na sehemu ya chini inabaki pambo. Ama maji yapigwe hewa kabla ya kuingia na katikati ya safari, ama itumike mitungi mifupi kadhaa.

Kwa sababu hizo, mtambo wa namna hii usiwekwe kwenye bomba la mwisho linalokusanya maji yote ya kiwanda. Unafaa kwenye maji ya suuza ya pili na ya tatu, ambayo chumvi na joto vimeshapungua, baada ya kichujio cha nyuzi na tangi la kushusha pH hadi 5 au 6. Hesabu ya ukubwa nayo ionyeshwe waziwazi. Mtungi wenye nafasi ya lita 100 za maji kati ya punje ukipitisha lita 50 kwa saa, maji yanakaa saa mbili na lita 500 zinahitaji saa 10. Anayeahidi kusafisha lita 50,000 kwa siku kwa mtungi huo aulizwe amepiga hesabu gani.

Kwa mafundi wa batiki tunasema wazi: hawahitaji vimeng'enya. Rangi zao nyingi zinayeyushwa kwa kostiki na haidro (sodiamu haidrosulfaiti), na zikipata hewa zinarudi kuwa unga usioyeyuka. Maji yapigwe hewa kwenye pipa, kostiki ipunguzwe makali kwa asidi kidogo, yatulie usiku mmoja, unga uchujwe chini. Haidro hiyohiyo ikiingizwa kwenye mtungi wa lakesi inameza oksijeni yote na mtungi unakufa njaa.

Kuhusu malighafi za nyumbani, tusidanganyane. Mwani unaolimwa Zanzibar hautoi alginati. Ni mwani mwekundu na hutoa karajinani, yenye jeli nyingine kabisa. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Uyoga wa mamama ndio wenye matumaini zaidi, kwa sababu masalia ya mifuko baada ya mavuno bado yana lakesi, na kilo moja ikilowekwa kwenye lita tano za maji ya asidi kidogo inatoa kimeng'enya kisicho safi sana lakini kinachotosha kwa majaribio. Anayekihifadhi asitumie sodiamu azaidi kuzuia bakteria, maana inazuia na lakesi yenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya maji za 2007 zinakupa meno. Kiwango cha maji yanayomwagwa ni COD (oksijeni inayohitajika kuvunja taka za majini kikemia) ya miligramu 60 kwa lita na BOD (ile inayotumiwa na bakteria kuzivunja) ya 30. Lakesi inaweza kuondoa rangi huku COD ikibaki palepale, kwani vipande vya rangi bado vimo majini. Haiondoi chumvi. Haiondoi kromiamu wala shaba. Na vipande hivyo wakati mwingine vina sumu kuliko rangi yenyewe, hasa pale ambapo imeongezwa kemikali ya kukisaidia kimeng'enya kuvunja rangi ngumu.

Hivyo tunaomba kibali chochote cha majaribio kitolewe kwa masharti haya. Maji yatoke kiwandani, yasitengenezwe maabara. Mtungi wa kimeng'enya kilichokufa uwepo tangu siku ya kwanza. Jaribio lidumu angalau siku 30 mfululizo, na nguvu ya lakesi ipimwe kila wiki kwenye punje na kwenye maji yanayotoka, ili ijulikane kama inavuja. COD na BOD zipimwe pamoja na rangi. Mbegu za mchicha zioteshwe kwa maji yaliyoingia na yaliyotoka, na wadudu wadogo wa majini wawekwe humo kwa saa 48. Matokeo yawekwe wazi, pamoja na siku ambazo mtambo uliziba.

Mwombaji aandike pia nani atachukua punje zilizochoka. Zimebeba rangi na mabaki yake, kwa hiyo zichukuliwe kama taka hatarishi. Zichomwe kwenye tanuri lenye kibali, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei ya kila lita tangu mwanzo. Pendekezo lisilo na mstari huo lirudishwe kwa mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakemia na mafundi wa maji taka