Vitufe vya Laptopu Vimegoma? Tazama Kwanza ni Vipi

Wateja wengi wanaotuletea laptopu za zamani, hasa zile zilizoingia nchini kama mitumba kutoka Ulaya na Dubai, wanafika wameshaamua: "Fundi, kibodi imekufa, niwekee nyingine." Sisi tunaomba tuikague kwanza, maana mara nyingi pesa ya kibodi mpya haina sababu ya kutoka. Swali la kwanza tunalouliza ni vitufe gani vimegoma.

Kikigoma kimoja tu, au kikawa hakiandiki mpaka ukikandamize, shuku uchafu. Chini ya kofia ya kitufe kuna kimkasi cha plastiki na kijipira laini, na punje moja ya mchanga au chembe ya mkate inatosha kukizuia kisishuke. Zima mashine, toa chaja, iinamishe, pulizia hewa ya kopo (ile iliyoshindiliwa) pembeni mwa kitufe. Kofia inaweza kung'olewa taratibu kwa ukucha, lakini usiguse spesi, Enter wala Shift: hizo zina kiwaya cha chuma ndani, na kikipinda kurudisha ni kazi.

Vikigoma vingi kwa pamoja, hadithi inabadilika. Ndani ya kibodi kuna karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na vitufe kadhaa hutumia njia moja, kama nyumba zinazochota umeme kwenye nguzo moja. Ndiyo maana unaweza kukuta 8, I, K na alama ya mkato vimekufa siku ile ile ilhali jirani zao ni wazima. Hapo kupuliza hakusaidii. Ama mkanda wa waya unaoingia kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) umelegea, kazi ya kufungua na kuuchomeka upya, ama njia imeliwa na kutu. Kwa wakazi wa pwani hewa ya chumvi inachangia, lakini adui mkubwa ni chai ya maziwa. Maji yanakauka, sukari inabaki, inanata na kula njia polepole. Kuizika laptopu kwenye mchele hakuondoi sukari hata chembe. Ikimwagikiwa, izime papo hapo, toa chaja na betri kama inatoka, ipindue kifudifudi, uilete bila kujaribu kuiwasha.

Vikigoma vyote, chomeka kibodi ya nje ya USB. Ikiandika vizuri, washa upya na uingie BIOS, ile menyu ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Vitufe vya mshale vya laptopu yenyewe vikifanya kazi humo, kibodi yako ni nzima na tatizo liko kwenye Windows. Angalia pia "Filter Keys", mpangilio wa Windows ambao huweza kuwashwa ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, na baada ya hapo kugusa kitufe kwa haraka hakuandiki kitu. Na kama U, I, O zinakuandikia 4, 5, 6, hiyo ni Num Lock tu, inayogeuza baadhi ya herufi kuwa namba. Izime, mara nyingi kwa Fn pamoja na kitufe chake.

Jambo moja hatutaki mtu alichelewe. Kibodi ikiinuka katikati, au padi ya kipanya ikawa ngumu kubonyea, huenda betri imevimba. Acha kuchaji, usiikandamize irudi chini, ilete siku hiyo hiyo.

Ikibidi kubadilisha kweli, tutumie picha mbili: stika ya chini yenye namba ya modeli, na kibodi yenyewe kwa juu. Laptopu nyingi za Uingereza zina Enter ndefu ya mistari miwili, na ya Marekani yenye Enter fupi haikai kwenye fremu yake hata kama modeli ni ile ile. Na kama shida yako ni kwamba Shift na 2 inatoa alama ya nukuu badala ya @, usilete kitu: badilisha mpangilio wa kibodi kwenye Windows kutoka Uingereza kwenda Marekani, ni bure.