Mipango ya makazi ya Mirihi ianze na maji

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kupeleka binadamu kuishi katika sayari ya Mirihi. Wengi huzungumzia roketi, ilhali kwa maoni yangu suala zito zaidi ni maji na udongo. Mwaka wa 2008 chombo cha anga cha Phoenix, kilichotua Mirihi, kiligundua kwamba udongo wa huko una pakloreti, chumvi inayodhuru tezi ya thairoidi, hivyo mtu hawezi kupanda mboga humo wala kunywa maji yake kabla ya kuiondoa chumvi hiyo. Sisi wakazi wa Nakuru tunalielewa jambo hili, kwani visima vyetu vingi vina floraidi iliyopita kiasi, na meno ya watoto wetu hubaki na madoa ya kahawia hata wakipiga mswaki kila siku.

Oksijeni imeanza kupatikana. Kati ya 2021 na 2023 kifaa cha majaribio kiitwacho MOXIE, kilichopelekwa huko, kilitengeneza jumla ya gramu 122 kutoka kwa hewa ya Mirihi, kiasi kisichomtosha mtu mmoja kwa siku.

Kwa kuwa nafasi nzuri ya safari hutokea takriban kila miezi 26, mitambo ya kusafisha maji itangulie na ithibitishwe kuwa inafanya kazi, ndipo watu wafuate. Nawasihi wahandisi wetu wa maji, wanaopambana na floraidi kila siku, wajitokeze kuchangia mipango hiyo.

Msomaji,
Nakuru