Kuhusu maji taka ya uchochoroni, Nyalenda

Ndugu majirani, maji taka yanayotiririka kutoka choo cha ploti ya kona si ugomvi wa wapangaji, bali ni kero kwa afya ya umma inayokatazwa na Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242. Chini ya kifungu cha 119, afisa wa afya humwandikia mhusika ilani ya kuondoa kero hiyo kwa muda uliowekwa, na ikiwa kasoro ni ya jengo lenyewe, ilani humwendea mwenye nyumba; akikaidi, hufikishwa mbele ya hakimu. Watoto wetu hucheza pale pale, jambo linaloniumiza sana. Naomba kila aliyeathirika atie sahihi barua yetu kwa afisa wa afya kabla ya Ijumaa.