Barua kwa mwanangu aliyezaa kwa kisu

Mwanangu,

Assalam aleikum. Tangu jana nashika simu nataka kukupigia halafu naiweka chini, najijua ntaanza kulia mimi kabla yako, bora niandike utasoma mtoto akilala. Nimesikia alichosema wifi yako, eti wewe hujazaa, umetolewa mtoto. Nilikuwa napepeta mchele, ungo nusura niupige ukutani. Miaka 27 nimekaa leba mimi, nimeona waliozaa kwa dakika kumi na waliotoka na mshono, sijamwona wa kutoka na mtoto mkononi ukasema huyu hajazaa.

Sasa sikiliza. Mdogo wako, si unamjua na mambo yake ya nyota, mwezi uliopita kanionyesha kijisayari kiko mbali kuipita Neptune, kirefu kama yai, kinajizungusha mara moja kwa saa nne na hata hazitimii. Kinaitwa Haumea, jina kilipewa mwaka 2008. Nikamuuliza Haumea ndo nani, akasema mungu wa kike wa uzazi wa watu wa Hawaii. Basi usingizi ukaniishia pale pale, nikawa nasoma mpaka saa nane usiku. Sisi miungu hatuna, tuna Mungu mmoja, lakini mie nikisikia habari za mkunga mwenzangu siwezi kupita hivi hivi.

Wanasema zamani huko Oahu, kisiwa kimoja cha Hawaii, mwanamke alikuwa anapasuliwa tumbo, mtoto anatoka mama anakufa. Muleiula, binti wa chifu, uchungu umemshika na wameshajiandaa kumchana, ndo Haumea akatokea. Na hakufanya bure! Alitaka mti wa Muleiula wenye maua mazuri. Bibi yako akizalisha alikuwa anapewa doti ya kanga na sabuni ya mche, mwenzie anataka mti mzima. Wakakubaliana, Muleiula akazaa na roho yake ikabaki.

Najua utasema mama, hii stori si ndo inanisema mimi, Haumea kaja kuzuia kisu. Aa, kisu kile kilikuwa kinaua, ndo maana akakizuia, alichotaka yeye mama abaki. Wewe usiku ule mapigo ya mtoto yalikuwa yanashuka, nesi anakimbiza kitanda huku anakushika mkono, na asubuhi nakuta mko wawili mnapumua. Mimi sioni tofauti hapo zaidi ya chombo.

Halafu Haumea mwenyewe wanawe hawakupita njia moja, wengine walitokea kichwani, wengine mdomoni, Pele yule wa volkano wanasema alitokea mapajani, na nani atamwendea Pele na moto wake akamwambie hakuzaliwa? Hata hicho kijisayari wataalamu wanasema kiligongwa zamani sana vipande vikamegeka, vingine bado vinazunguka jua kwenye njia zinazofanana na ya mama yao. Miezi yake miwili wameipa majina ya mabinti zake, Hi'iaka na Namaka.

Ila stori iliyonikaa ni ya mumewe. Alikamatwa anapelekwa kuuawa, Haumea akaomba amkumbatie mara ya mwisho, alipomkumbatia tu kamba zikaanguka, wakazama wote wawili ndani ya shina la mshelisheli. Shelisheli hizi hizi tunazopika na nazi! Sasa huyo mumeo aliyekaa kimya dadake anasema yale mbele ya wageni, mwambie mama anauliza, mti wako uko wapi. Mwambie hivyo hivyo, ataelewa au hataelewa, mimi nitamfafanulia.

Wanasema pia Haumea akizeeka anajirudisha kigoli, anaolewa upya. Hilo apate yeye, mimi magoti yangu nshayazoea.

Ijumaa nakuja na boti ya asubuhi, naleta shelisheli mbili na pilipili manga ya uji. Usinyanyue ndoo, mshono bado mbichi, na ukitaka kukohoa bana mto tumboni kwanza. Wifi yako akija kabla yangu mpe chai, mwache akae, asiondoke mpaka nifike.

Mama yako