Barua kwa Salimu: usizing'oe shokapu za Morris

Dar es Salaam

Ndugu yangu Salimu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Nimefurahi mno kusikia kwamba gari la marehemu mzee, ile Morris Minor, limetoka bandani. Ila hili la fundi kutaka kung'oa shokapu zake achomelee za kisasa limenitia wasiwasi. Nakusihi, mzuie kwanza. Shokapu zile hazikutengenezwa ili zitupwe. Ndani ya ile bodi ya chuma ya shokapu kuna pistoni mbili zinazosukuma oili ipite kwenye valvu, na mkono unaouona nje ndio unaozisukuma. Tena za mbele zina kazi kubwa zaidi, kwa sababu mkono wake ndio unaoshika gurudumu kwa juu. Akizifungua bila kuweka jeki chini ya mkono wa chini, ile fimbo ya chuma inayojipinda na kufanya kazi ya springi itaachia nguvu zake zote, na mtu ataumia vibaya.

Mara nyingi zinachokosa ni oili tu. Sugua kwa brashi na mafuta ya taa kuzunguka skrubu ya kujazia mpaka chuma kionekane. Punje ya mchanga ikiingia ikakaa kwenye valvu, shokapu haishiki tena. Nunua oili ya shokapu za mbele za pikipiki, SAE 20. Ukiletewa oili ya breki, ikatae katakata, inaharibu sili, yaani ule mpira unaozuia oili isivuje. Ya injini nayo usiitumie.

Kisha uwe na subira. Kwa zile za nyuma, fungua kiungo kinachoshikana na ekseli, jaza oili, halafu pandisha na kushusha mkono taratibu, mwanzo hadi mwisho. Mahali fulani utausikia umelegea ghafla, kisha unashika tena. Hapo pana hewa. Mapovu yatapanda tunduni. Ongeza oili, endelea hivyo hivyo mpaka mkono uwe mzito sawasawa kwenda na kurudi. Usijaze hadi kooni, acha nafasi kidogo chini ya nyuzi za skrubu, maana oili ikipata moto hutanuka. Ile nati kubwa kwenye bodi ni ya valvu, iacheni. Na shokapu ikishatolewa garini, ibebwe wima, la sivyo hewa inarudi ndani.

Kabla ya yote hayo, pitisha kidole pale shafti ya mkono inapoingilia kwenye bodi. Kukiwa na oili mbichi, sili imekwisha, pengine na bushi, ile pete ambamo shafti huzunguka, imelika. Kujaza hapo kutakusogeza siku chache tu; tafuta fundi wa kereza anayeaminika aifungue. Nipimie unene wa shafti unitumie, nami nitazunguka Kariakoo kutafuta sili.

Nisalimie mama sana.

Wako,
Hamadi