Kabla Baba Amani hajarudi

Kasarani, Nairobi
12 Julai

Mpendwa Mama Amani,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, machozi yakinitoka. Baba Amani kurudi kutoka India na uboho wa dada yake! Mungu ni mwema.

Sasa nisikilize kuhusu ukungu, yaani fangasi. Ndugu yangu Musa aliponea chupuchupu, na kilichotaka kumchukua hakikuwa lukemia, ile saratani ya damu. Baada ya kupandikizwa uboho, neutrofili zake, chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, zilishuka chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu. Alikuwa akimeza flukonazoli kila siku. Dawa hiyo huzuia ukungu uitwao kandida, lakini haimwezi aspagilasi, ukungu wa aina nyingine. Homa ikapanda, siku 5 za antibiotiki zisiishushe, hadi skani ikaonyesha vidonda mapafuni. Vorikonazoli, dawa inayomweza aspagilasi, ndiyo iliyomwokoa.

Mbegu za aspagilasi huelea hewani pamoja na vumbi. Wodini kulikuwa na vichujio vya hewa. Kwako kuna kiwanja cha jirani kinachochimbwa msingi wa ghorofa. Madirisha ya upande huo yafunge. Maua ya vyunguni yatoe, udongo wake hubeba ukungu. Usifagie, piga deki, na yeye asiwe chumbani. Na ule ukuta wa chumba cha kulala unaotoa madoa meusi kila Julai, ushughulikiwe kabla hajafika.

Lakini linaloninyima usingizi ni vidonge. Vorikonazoli hupandisha kwenye damu takrolimasi, dawa ya kuzuia uboho mpya usimshambulie mgonjwa, kwa hiyo daktari alikuwa amempunguzia Musa takrolimasi. Vorikonazoli ikamwishia. Ni ghali, akaona aibu kuomba pesa, akanyamaza. Takrolimasi ikashuka, ngozi ikajaa vipele: uboho mpya ulikuwa umeanza kumshambulia. Akapewa prednisoloni nyingi, nayo ikadhoofisha kinga, hatari ya ukungu ikarudi upya. Yote hayo kwa sababu ya kunyamaza! Baba Amani namjua, naye ni mtu wa kunyamaza. Hesabu vidonge wewe mwenyewe, na zikibaki siku 10 niambie, tutachanga. Dawa za miti shamba atakazoletewa na wageni, pokea kwa heshima, uweke kando, umuulize daktari kwanza.

Homa ikifika 38, usingoje kupambazuke. Nipigie hata saa nane za usiku, gari lipo.

Jumamosi nakuja na fundi tuushughulikie ule ukuta. Andaa magazeti ya kufunika kitanda.

Wako,
Zawadi