Wifi, uliniuliza kashinda nini

Wifi yangu,

Natumaini hujambo, na wanangu hawajambo, na joto la huko Dubai halijawamaliza. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi, na hili nataka nilimalize.

Unakumbuka siku ile ya mwisho wa mwezi wa saba 2024, ulipokuja likizo? Ulikuwa kwenye mkeka unachambua mchele, mimi nimeegemeza simu kwenye chupa ya chai natazama badminton ya Olimpiki ya Paris. Wahindi wawili walikuwa wametoka kufungwa na Waaustralia 21-15, 21-10, mechi ya tatu kati ya tatu. Yule mkubwa, Ashwini Ponnappa, akawaambia waandishi huku machozi yanamtiririka kwamba hiyo ndiyo Olimpiki yake ya mwisho, hana tena moyo wa kuyapitia hayo, ila mwenzake Tanisha bado ana safari ndefu. Na mimi machozi yakanilenga. Ukanitazama, ukacheka, ukasema: "Olimpiki tatu, na zote kaishia kwenye makundi. Sasa kashinda nini huyo mpaka mtu umlilie?"

Sikukujibu. Mchele ulikuwa wangu na nilitaka uendelee kuuchambua.

Leo nakujibu. Ashwini ni mtu wa Kodagu kwa asili, milima ya kahawa huko Karnataka, kusini mwa India. Kwao mchezo ni hoki. Koo nzima nzima zinashindana kila mwaka, wajomba na wapwa timu moja, wanavyoipenda ni kama sisi na Simba na Yanga. Baba yake mwenyewe alikuwa mchezaji wa hoki. Binti akachukua raketi ya badminton, na kwenye badminton kwenyewe akaangukia upande usiopendwa, wa wawili wawili. India wanamjua Saina Nehwal, wanamjua P. V. Sindhu, anayesimama uwanjani peke yake ndiye anayewekwa kwenye mabango. Wawili wawili wanaonekana kama watu waliokosa nafasi mahali pengine.

Mwenzake wa kwanza mkubwa alikuwa Jwala Gutta wa Hyderabad, baba Mhindi, mama Mchina, mkono wa kushoto, na ulimi usiokaa na jambo. Ukisikia mtu India anapiga kelele kwamba wawili wawili wanaonewa, mara nyingi alikuwa Jwala. Ashwini ndiye aliyekuwa anapiga. Mwembamba, halafu anaruka kule nyuma na kukishusha kinyoya, kile kidude chenye manyoya tunachokipiga badala ya mpira, kwa nguvu usiyoitarajia.

Hapo kwenye mkono wa kushoto nakuomba usimame kidogo, maana wewe hujawahi kucheza. Mimi pale ukumbini Upanga nilipangwa na dada mmoja wa kushoto. Wote mnaambiwa ni bahati, jozi ya kushoto na kulia inawasumbua wapinzani. Hawakuambii kwamba kinyoya kikija katikati, mikono yenu yote miwili ya nguvu inakifuata. Mwaka wa kwanza tuligonganisha raketi mara nne. Moja ilivunjika shingo palepale, mlio wake kama mfupa wa kuku. Ilibidi tujifunze kusikilizana pumzi. Sasa hebu fikiria kufanya hivyo kwa kasi ya watu wa dunia, kinyoya kinakuja kabla hujamaliza kupepesa, na wewe huna ruhusa ya kugeuza shingo umtazame mwenzako.

Oktoba 14, 2010, siku ya mwisho ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi, hao wawili waliwafunga Wasingapore 21-16, 21-19 katika fainali. India haikuwahi kupata dhahabu ya wanawake wawili wawili kwenye michezo hiyo. Ashwini alikuwa na miaka 21. Mwaka uliofuata, 2011, wakaenda London kwenye ubingwa wa dunia wakarudi na shaba. Unajua mara ya mwisho Mhindi kupata nishani ya ubingwa wa dunia wa badminton ilikuwa lini kabla ya hapo? 1983, Prakash Padukone. Miaka 28, wifi! Na waliokuja kuikata kiu hiyo ni wale wa upande usiopendwa.

Halafu ikaja Olimpiki ya 2012, ukumbi uleule wa Wembley Arena. Hii ndiyo inayonikera mpaka leo. Niliwahi kukaa na kalamu nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya umeme. Wajapani waliwafunga 21-16, 21-18. Wao wakawafunga Wataiwani 25-23, 16-21, 21-18. Kisha wakawafunga Wasingapore 21-16, 21-15. Jumlisha: walipata pointi 138, wakafungwa 135. Tena ukiitazama ile ya Wataiwani peke yake, ni 62 kwa 62, na bado walishinda. Jozi tatu zikawa na ushindi wa mechi mbili mbili, na za kuvuka ni mbili tu. India na Japani wakalingana hata kwa seti, ikabidi itazamwe tofauti ya pointi za kupata na za kufungwa.

Japani walikuwa wamewazidi kwa pointi moja, wakavuka wao.

Moja. Kinyoya kimoja kilichogusa utepe wa neti kikarudi upande wako. Pigo moja ulilolisoma vibaya siku ya kwanza, saa ambayo hakuna aliyejua kwamba kuna hesabu itakuja kufanyika. Na Wajapani hao, Mizuki Fujii na Reika Kakiiwa, wakaenda nayo mpaka fainali wakachukua fedha. Ndiyo iliyokuwa nishani ya kwanza ya badminton ya Japani kwenye Olimpiki. India walikata rufaa kuhusu mechi ambayo Japani ilifungwa na Taiwani, ikatupwa. Ni mashindano yaleyale ambayo jozi nne za makundi mengine zilifukuzwa kwa kujifungisha makusudi ili zipate wapinzani laini, kwa hiyo kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mimi simtuhumu mtu. Nasema tu hiyo "hajavuka makundi" yako ina uzito wa unyoya.

Mwaka 2013 India wakaanzisha ligi yao ya kunadi wachezaji. Jwala na Ashwini wakatangazwa miongoni mwa nyota, bei ya kuanzia dola 50,000. Ukafika mnada, bei yao wawili hao ikakatwa nusu, 25,000. Sababu? Waandaaji walikuwa wameufuta mchezo wa wanawake wawili wawili kwenye ligi yenyewe! Mtu ana shaba ya dunia kwenye kitu, unamwalika sherehe, halafu unakiondoa kitu mezani na kumpunguzia bei kwa kuwa hakipo. Jwala alichachamaa, hilo huhitaji kuambiwa. Ashwini alinunuliwa na timu ya Pune kwa hiyo hiyo 25,000, akaenda kucheza.

Ya katikati nitayapitia haraka. Fedha ya Jumuiya ya Madola, Glasgow 2014. Ubingwa wa Kanada 2015, fainali wakiwafunga Waholanzi Muskens na Piek. Mwaka mmoja baadaye huko Rio waliwekwa kundi moja na Waholanzi haohao, wakapoteza, na mechi zote tatu wakapoteza. Sikufichi, Rio ilikuwa mbaya. Baada ya hapo Jwala akatoka, na Ashwini akaanza upya na Sikki Reddy. Jumuiya ya Madola ya Gold Coast 2018 akarudi na dhahabu ya timu na shaba ya wawili wawili. Tokyo hakufuzu. Wengi hapo wangefunga begi, tena kwa heshima zao.

Yeye akamchukua mtoto. Tanisha Crasto amezaliwa Dubai, wifi, mjini kwako hapo, 2003. Siku ile ya dhahabu ya Delhi alikuwa na miaka saba. Ashwini alimzidi karibu miaka 14. Mwaka 2023 wakazunguka kwenye mashindano madogo madogo wanayookotea pointi za kufuzu, wakatwaa Abu Dhabi mwezi wa kumi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwako, na wewe hukwenda kwa sababu hukujua. Na mimi sikukuambia kwa sababu ungenicheka. Tugawane lawama.

Baada ya Paris likazuka gazetini kwamba kila mmoja wao alipewa rupia milioni 15 za maandalizi. Ashwini akajibu waziwazi mtandaoni: nimepewa na nani, na kwa kazi gani? Alisema hajaiona hela hiyo, na kwamba alipoomba mwalimu wa kwenda naye alikataliwa. Kwa hiyo yale machozi, wifi, hayakuwa ya Waaustralia.

Umeniuliza kashinda nini. Kashinda hayo niliyokuhesabia. Lakini nilichokuwa nalilia siku ile ni kingine. Nilimwona mtu wa miaka 34, kafungwa mara tatu, anaulizwa habari zake, na anamaliza kwa kumsemea mwenzake. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kujua mwenzake yuko wapi bila kumtazama, na hata pale mbele ya vinasa sauti alikuwa bado anamzibia pengo. Dada yangu wa mkono wa kushoto alihamia Kanada na mume wake miaka mitatu sasa. Mpaka leo kinyoya kikija katikati nasita nusu sekunde nimwachie.

Na usidhani alikwenda nyumbani akalala. Desemba ya mwaka uleule walitwaa Guwahati, yeye na Tanisha, kwa mwaka wa pili mfululizo.

Ukija likizo niletee mkebe mmoja wa vinyoya, vile vya manyoya halisi, vinakuwa 12 ndani. Usiniletee vya plastiki, umeniletea mara mbili na nimevigawa kwa watoto wa jirani. Kaka anajua duka. Ukikwama mwonyeshe muuzaji hii barua, Mhindi yeyote wa badminton akiona jina la Ashwini atakuelewesha, na huenda akakupunguzia.

Wifi yako wa Upanga